Mwezi Mzuri wa Kuja

Kazini walimwita Bi Kalenda, na jina likamganda. Miaka kumi na minne alikaa mapokezi ya hoteli ya ufukweni, simu sikioni, akiwaambia watu asiowajua waje lini. Mei wasije, mvua. Julai upepo, mchanga unaingia hadi kwenye chai. Novemba bahari inatapika mwani, pwani nzima inanuka. Waje Februari, bahari imetulia kama maji mtungini.

Baba yake, fundi mwashi aliyezeekea bara, hakuwahi kuiona bahari. Kila akipiga simu aliuliza aje lini, na binti akamjibu vilevile alivyowajibu wageni. Mei mvua, Julai upepo. Februari ikifika hoteli imejaa, likizo hakuna, basi mzee avute subira hadi mwakani. Wenzake wa kazini walimwambia binti ngoja ngoja huumiza matumbo. Akacheka, akasema baba yake hatakuja kutazama matope. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini kupenda kwenyewe kulikuwa kwa kijinga, na mtu mzima akifanya ujinga lazima aambiwe.

Mzee naye, kwa ukaidi wake, hakusema kwamba macho yanafifia. Aliogopa kuonekana mzigo.

Mwaka huu likizo ilipatikana, tena Februari. Binti alikwenda kumpokea kituo cha mabasi. Mzee alishuka akipapasa ngazi kwa mguu, kamshika bega abiria mwenzake, akamwita bintiye huku uso kaelekeza kwa muuza maji.

Binti hakujua afanye nini, akampeleka ufukweni hivyohivyo. Hapakuwa na wingu hata moja. Akaanza kumwelezea: maji ya buluu, mchanga mweupe, mawimbi madogo. Akajisikia anaongea kwa sauti ile ya kazini, akaona aibu.

"Macho yameanza lini, baba?"

"Siku nyingi. Lakini mwaka juzi, mvua za Mei, nilikuwa bado naona."

Binti alikumbuka simu ya Mei ile. Alikuwa amemkatiza kabla hajamaliza kuuliza.

Mzee alivua viatu, akasogea mpaka maji yakamfika vifundoni.

"Ningekuja na mvua hiyohiyo, mwanangu. Mimi nilitaka kuiona bahari tu. Sikusema nataka nzuri."