Poda ya Zéphirin

Kitabu cha mwisho ulichokitaja mbele ya watu, ulikisoma kweli? Usijibu kwa sauti. Jibu kimoyomoyo, kisha umsikilize Zéphirin Ngoyi wa Musonoi, kijana ambaye swali hilo lilimfikia asubuhi ya siku aliyoingojea tangu utotoni.

Mchana wa siku hiyo Zéphirin alitakiwa kusimama mbele ya jopo la walimu wa chuo kikuu mjini Kolwezi na kuitetea TFC yake, kazi ya kumaliza masomo. Akipita, ni mhitimu, wa kwanza katika ukoo wao. Mama yake, mama Bilonda, alikuwa ameshachinja kuku na kununua poda, maana kwao mtu hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka amwagiwe poda nyeupe kichwani, nguo zake mpya ziharibike na majirani wote wajue.

Kazi yenyewe ilihusu lengalenga, mboga ambayo akina mama wa Musonoi hulima karibu na machimbo, vumbi likiinyunyizia kama chumvi. Sura ya tatu iliegemea makala moja ya wataalamu: kwamba ukiloweka lengalenga katika maji ya majivu, kobalti yote, ile sumu ya vumbi la machimbo, hutoka. Zéphirin aliipenda mno habari hiyo. Alikuwa mtu wa kuwatakia wenzake mema kwa haraka. Aliipeleka nyumbani kabla hajaipeleka chuoni, mama Bilonda akaipeleka bombani, na tangu hapo mtaani kwao hakuna aliyetupa majivu ovyo.

Kasoro ilikuwa moja tu: makala yenyewe hakuwahi kuiona. Jina lake alilinakili kutoka TFC ya Joyeuse, aliyemtangulia chuoni. Asubuhi hiyo, kwa kuogopa maswali, ndipo alipoitafuta kwenye simu. Ikaja. Juu ya kila ukurasa neno jekundu lilikuwa limelala kama mti ulioangukia njia: IMEONDOLEWA. Chini yake waandishi wenyewe walieleza kwamba walichanganya mafungu. Mboga walizoloweka katika majivu zilitoka Sandoa, mbali na migodi. Zilikuwa safi hata kabla ya kuguswa na maji! Na tangazo hilo lilikuwa la miaka mingi iliyopita.

Akampigia Joyeuse.

"Joyeuse, ile makala ya majivu, uliisomaka?"

"Kuisoma? Mi niliikamata mu TFC ya Dodo."

Dodo, aliyemtangulia Joyeuse na siku hizi anauza simu sokoni, alipopigiwa alicheka mpaka akakohoa. "Mi niliikuta kwa dokta moja wa Ulaya. Kama dokta ameitaja, mi ni nani wa kukatala?"

Zéphirin akamtafuta huyo dokta. Naye aliitaja makala ilipokuwa imekwisha kuondolewa, na nyuma yake wengine, na wengine tena, msururu wa wasomi walioshikana mashati, kila mmoja akidhani wa mbele yake anaona njia.

Likizo zake Zéphirin alizimalizia kwenye machimbo ya mkono, kwa hiyo jambo hilo alilijua kwa sura nyingine. Shimo likiwa bovu, wachimbaji huliziba mdomo kwa matawi. Lakini chini kwa chini mashimo yameungana. Anayeingilia shimo la jirani hayaoni matawi. Anakuja kuliona jiwe likimshukia.

Alimkuta mama yake uani akimnyonyoa kuku, akamweleza yote.

"Kwa hiyo majivu ni bure?"

"Bure, mama."

"Na bale batu bote niliambia?" Mama Bilonda aliacha manyoya. "Ukisema kule, itakuwa namna gani?"

"Wanaweza kunirudisha."

"Na usiposema?"

"Napita."

Mama akamtazama, akamtazama na kuku. "Huyu amekwisha kufa, hatarudi. Tutamukula tu. Weye fanya yako."

Kiongozi wa jopo alikuwa profesa Badibanga, mtu ambaye wanafunzi walimsalimia huku wakirudi nyuma. Zéphirin alipofika sura ya tatu, aliweka karatasi chini.

"Sura hii naiondoa," alisema, na akaeleza sababu.

Profesa akashusha miwani. "Kijana, hiyo makala ninaifundisha mimi."



"Basi, tata profesa, tuko mu shimo moja."

Mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko, wengine wakafuata, na mwisho Badibanga mwenyewe akacheka, akajifuta macho, akapiga meza. Uamuzi ukatoka: Zéphirin arudi nyumbani, aoshe lengalenga ya Musonoi kwa mikono yake, aipime, aje tena mwezi ujao. "Na mimi," profesa akaongeza, "Jumatatu nina somo la kubomoa."

Nje, familia ilisikia vicheko na meza ikipigwa, ikadhani amepita. Zéphirin hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Poda ilimwingia masikioni. Akapandishwa pikipiki, honi zikalia mpaka Musonoi, naye akipiga kelele njia nzima, "Bado! Bado!"

"Bado nini?" mwendesha pikipiki alimjibu. "Bado kula!"

Kuku akaliwa. Kila mgeni alimwita mhitimu, na kadiri alivyokana ndivyo walivyomsifu kwa unyenyekevu. Mama yake peke yake alimsikiliza.

Kesho yake asubuhi alitoka kwenda kuchuma lengalenga. Alipokaribia bomba akamwona mama yake, amejifunga pagne, kitenge kile kile cha jana, poda ingali katika mikunjo, amesimama juu ya bidoni, dumu la maji, lililopinduliwa.

"Bamama! Mambo mawili niliwaletea hapa, leo ninayaondoa. Zéphirin bado, atarudia mwezi ujao. Na majivu haina kazi. Munisikie. Muliyapeleka nyumba kwa nyumba. Na hii muipeleke njia ile ile."

"Na poda yetu?" aliuliza mama Fifi, mwenye nyumba ya kwanza kutoka bombani.

"Mwezi ujao mutaleta ingine!"

Wakacheka, wakajitwisha ndoo. Zéphirin alimfuata mama Fifi kwa macho. Aliingia uani kwake, akatoka na beseni la maji ya majivu, akalimwaga mtaroni. Kisha, beseni tupu kwapani, akavuka njia mpaka mlango wa jirani.

"Odi! Mama, ile habari ya majivu..."