Wazee wa Tarehe Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya misheni mjini Musoma, sikugusa kompyuta hata kidogo. Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alinikalisha mbele ya rundo la mafaili ya wagonjwa akaniambia nisome. Nilisoma mpaka saa tisa alasiri. Ndipo akaniuliza, "Magesa, umeona nini?"

Nikasema nimeona wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa. Mmoja ameandikiwa mwaka wa nzige, mwingine mwaka ule ng'ombe walipokufa.

"Sasa ukiwaingiza kwenye mashine utawapa tarehe gani?"

"Nitakadiria, mama."

"Usimpe mtu siku ambayo mama yake hakuisema. Weka sifuri. Siku sifuri, mwezi sifuri, mwaka sifuri. Atakayekuja baadaye ajue kwamba sisi hatujui."

Nilimheshimu kwa neno lile na namheshimu mpaka leo. Tuliandika hivyo miaka mingi, pale Musoma, kisha Bunda nilikohamishiwa, na mwishowe upande wa Butiama, kwenye hospitali ndogo ya misheni ileile. Huko mtu wa IT nilikuwa mimi peke yangu.

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mmekuta kila kitu kiko hewani, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Intaneti yetu ilikuwa ya kusuasua, hivyo mfumo wa wagonjwa ulikaa kwenye seva yetu wenyewe, mashine moja chini ya meza yangu. Ulifunguka kwenye kivinjari kama tovuti yoyote, ila haukutoka nje ya ukuta wa hospitali. Mfumo ni sura tu. Nyuma yake kuna hifadhidata, ambayo ndiyo daftari lenyewe, na daftari hilo lina matoleo. Mfumo mpya unaweza kulikataa daftari la toleo la zamani, na daftari jipya linaweza kuyakataa yaliyoandikwa kwenye la zamani. Asiyejua hayo mawili asijiite fundi.

Ijumaa moja nilikuwa naweka mfumo mpya. Ukagoma hatua ya kwanza kabisa, ukiniambia hifadhidata yangu ni ya zamani mno. Hilo halikunisumbua. Nilichukua bakapu, yaani nakala ya akiba ya daftari zima, nikaweka toleo jipya, nikaanza kuwahamisha wagonjwa. Wakawa wanaingia vizuri, kisha maandishi mekundu yakaanza kupanda kwenye skrini. Daftari jipya lilikuwa linakataa tarehe za sifuri. Kwa hesabu zake, siku kama hiyo haipo duniani, basi na mtu wake hapokelewi.

Nikiwa nimeduwaa pale, Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, akaingia. Alikuwa mtu mwema, ila wa haraka.

"Bwana Magesa, Jumatatu tuna wageni wa dayosisi. Mfumo utafunguka?"

"Utafunguka, daktari. Ila kuna wazee..."

"Ufunguke kwanza. Madogomadogo utamalizia."

Madogomadogo. Sitamsingizia, maana hakujua anachokiita hivyo. Mimi nilijua. Kuna amri moja ambayo ukiitoa, mashine inaruka kila mstari unaokataliwa na kuendelea na safari. Niliitoa. Wale wa sifuri wote wakabaki nje. Nikajisemea nitawarudisha Jumanne. Jumatatu wageni wakaja, wakapiga makofi, nami nikasimama mbele yao nikasema kazi imekamilika. Jumanne printa ya maabara ikaharibika. Jumatano sikumbuki nilifanya nini, na hiyo inaniuma zaidi.

Alhamisi asubuhi akaja Bibi Nyakaho, mwenye kidonda mguuni. Alipokelewa na Muuguzi Rhobi, binti mwenye mkataba wa mwaka mmoja, aliyekuwa na bidii kuliko wengi waliomtangulia. Rhobi akamtafuta kwenye mfumo, hamna. Akatafuta tena, hamna. Akamwandikisha upya, akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru.

"Si mmeandika humo?" bibi akasema. "Mnaniulizaga kila siku, nami nawajibu. Soma tu, mjukuu wangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sisi wenyewe tulimwambia asihangaike na kadi, kwamba mashine inamkumbuka. Daktari wa zamu akaandika sindano ya penisilini, Rhobi akaichoma. Baada ya dakika chache bibi akavimba uso, pumzi ikakata, akaanguka. Walimpigania pale sakafuni. Mungu ni mwema, alizinduka, akalazwa, wiki iliyofuata akarudi kwake kwa miguu yake.

Mimi nilisikia kelele, nikauliza ni nani. Nilipotajiwa jina, nikawakumbuka wale wa sifuri. Nikakimbilia seva. Nikafungua bakapu, nikageuza zile sifuri kuwa nafasi tupu, ambayo daftari jipya linaikubali, nikawaingiza wazee wote. Haikufika saa moja. Nilikuwa nimeahirisha kazi isiyofika saa moja.

Mchana tukaitwa kikao. Mganga Mfawidhi alimtazama Rhobi.

"Kabla ya sindano, ulimtafuta kwenye mfumo?"

"Nilimtafuta, daktari. Mara mbili. Hayumo."

"Bwana Magesa, fungua tuone."

Nikafungua. Akatokea Bibi Nyakaho wa zamani, na kwa herufi nyekundu: mzio wa penisilini.

"Yumo," nikasema.

Rhobi aliitazama skrini, akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa. Wiki ile akapewa barua ya uzembe, na mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikisema leo nitakwenda kwa Mfawidhi. Nilikuwa na watoto shuleni, nilikuwa na jina. Nilikuwa mwoga, nisizungukezunguke. Nikafanya kazi mpaka siku ya kustaafu, nikaagwa kwa hotuba na keki.

Ukistaafu unapata muda, na muda si rafiki wa mtu mwenye neno moyoni. Mwaka huu nilipanda gari mpaka Kabasa, pale Bunda, nilikosikia Rhobi anauza kwenye duka la dawa. Nilimkuta anapanga maboksi. Amekuwa mama mzima. Akaniamkia kwa adabu, akanipa kiti.

"Rhobi," nikamwambia, "siku ile bibi hakuwemo. Nilikuwa nimewaruka wazee wa sifuri. Nilimrudisha baada ya wewe kumchoma sindano."

Aliendelea kupanga. Nikadhani hakusikia. Kisha akakaa.

"Mzee, unajua miaka yote hii nimekuwa najiuliza kama niliandika jina vibaya? Mpaka leo nikimuuzia mtu dawa, nauliza mara tatu. Wateja wananicheka."

Akasogeza boksi moja pembeni.

"Mama yangu amekufa akijua mwanawe nusura aue mtu kwa uzembe. Nilimwambia hakuwemo. Akasema, mwanangu, wote waliona yumo."

Nikamwomba msamaha. Nikalia, na sioni aibu kulisema. Yeye hakulia.

"Umekuja kuniambia mimi," akasema, "na mimi nilikuwepo. Nilijua nilichokiona, mkanifanya nisikijue. Kawaambie wale ambao hawakuwepo."

"Nitaje na jina lako?"

"Kwenye barua ya uzembe lilitajwa. Na hapa litaje."

Ndiyo maana nimeandika. Mganga Mfawidhi nimeshampelekea nakala. Mengine ya kazi yetu mtajifunza kwa walimu wenu, nao wanayajua kuliko mimi. Mimi nina hili moja. Siku ile Muuguzi Rhobi alimtafuta Bibi Nyakaho mara mbili, na bibi hakuwemo. Rhobi alisema kweli. Mimi ndiye niliyemwacha bibi nje, na mimi ndiye niliyesema yumo.