Mzaramo Aliyewatukana Miungu Wangu

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema. Nilipochapisha kitabu changu cha katuni nilijiandaa kwa sifa tu. Ni hadithi ya miungu wa kale wa Unyamwezi: wa jua, wa mvua na wa radi, wamejifunga mashuka mgongoni, wanaruka angani kutoka Isikizya hadi Tabora mjini kupambana na majambazi. Mwaka mzima niliwachora kwa mkono, nyuma ya duka langu la fotokopi pale Ng'ambo. Nikaweka daftari kaunta, msomaji aandike maoni yake, akitaka hata jina asitaje.

Basi wakaandika. Katekista mmoja alisema Mungu ni mmoja, ila akauliza toleo la pili linatoka lini. Mama wa Kiarabu wa duka la vitambaa alitaka kujua miungu wazima wanatokaje nyumbani na suruali zinazobana vile. Mwanafunzi wa sekondari alilalamika kwamba mungu wa mvua kila mara anafika shughuli imekwisha; mkulima mmoja akamjibu hapo hapo chini kuwa mchoraji kasema kweli tupu. Nilicheka mpaka machozi.

Halafu nikafungua ukurasa uliofuata. Mwandiko mkubwa, wino mwekundu, jina hakuna: hawa si miungu, ni wapagazi, angalia shingo zao, na mchoraji aache kuharibu karatasi, arudi kwao akapalilie karanga. Loo, niliumia. Kurasa za toleo la pili nilizokwisha kuchora nikazifungia kabatini, nikamwambia mchapaji asinisubiri. Daftari nikaliondoa. Kuchora nikaacha kabisa.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja akaingia mama mmoja mtu mzima wa Chemchem, mteja wangu wa siku nyingi, kutoa kopi za vyeti vya wajukuu wake. Akauliza daftari liko wapi. Nikamwambia nimeliondoa kwa sababu ya mtu mmoja asiye na adabu.

"Mtu huyo ni mimi," alisema. "Mimi Mzaramo. Nimekutukana, mwezi mzima hujanijibu. Nimekukosea nini?"

Niliona aibu, sikujua pa kuangalia. Utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ninaujua tangu utotoni. Babu zetu waliuanza wakipita kwao na misafara ya kwenda pwani. Misibani nimewaona watani wakimwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka. Lakini tusi la kwenye karatasi nilidhani ni tusi kweli. Nikamwomba radhi, akakasirika zaidi, maana mtani haombwi radhi. Kisha akakaa kwenye benchi, sauti ikashuka. Marehemu mume wake alikuwa Mnyamwezi. Walitaniana nyumbani kwao maisha yao yote, na tangu azikwe kila mtu anaongea naye kwa huruma.

"Nyumba imekuwa na adabu mno," alisema.

Nikafungua kabati, nikamwonyesha nafasi tupu kwenye ukurasa wa mwisho. Nikamwambia hapo nitamchora mungu wa Kizaramo, ila vitani atachelewa kwa sababu yuko ngomani tangu juzi, na akifika ataulizia chakula kwanza.

Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Hapo sasa," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ongeza."