Siku Niliyopeleka Gari Chafu kwa Fundi

Sijui kama nina haki ya kusema gari nililitengeneza mimi. Mikono iliyokata bomba ilikuwa ya fundi, na kazi ya mtu siwezi kuichukua. Lakini mahali gesi ilipokuwa ikitokea nilipagundua mimi, na nilipagundua kwa kuacha jambo moja ambalo nimelifanya maisha yangu yote.

Gari lenyewe ni la zamani, la abiria wanane, lina AC mbele na nyingine nyuma. Nakaa Kilosa, ila riziki yangu iko Mikumi, ambako nachukua wageni wa nyumba moja ya kulala na kuwazungusha hifadhini. Kule ndani AC si anasa. Ukifungua kioo, mbung'o wanaingia, na mbung'o anauma hata juu ya shati. Ukifunga kioo bila AC, mnaiva. Wiki ile nilikuwa na mzee mmoja na mkewe kutoka Morogoro. Hatujafika hata kwenye bwawa la viboko, mzee akavua kofia, akajipepea, akaniambia kwa upole tu, "Kijana, tumeshaona. Turudi." Tulikuwa tumeona swala wawili.

Jumatano mwenye nyumba ya wageni, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyeniamini tangu mwanzo, akaniita barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, gari lako nalipenda, na wewe mwenyewe una adabu. Lakini wageni wangu si mahindi ya kuchemsha."

Nikamwambia nimeshajaza gesi mara tatu tangu masika.

"Sasa inakwenda wapi? Jumamosi nina watu wanne, na mimi mwenyewe nitapanda. Nikikuta joto lile, kuanzia siku hiyo wageni wote nampa yule mwenye gari jeupe."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningeshampa zamani.

Wa kumlaumu nilikuwa naye tayari, fundi wa AC pale Kilosa. Mara ya tatu gesi ilipoisha nilikwenda kwake nikamwambia mbele ya watu, "Gesi yako ni upepo wa baiskeli." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Kaka, viungio vyote vya mbele nimepaka povu la sabuni, hakuna kilichotoa pumzi. Gari lako haliniambii kitu. Linakuja hapa safi kama bwana harusi." Niliona ananikejeli, nikaondoka nimenuna.

Lazima nieleze huo usafi. Nyumbani kwetu kitu kichafu hakipelekwi kwa fundi. Marehemu baba, ambaye baba yake aliletwa Kidete na kazi ya reli, alikuwa anasuuza hata jembe kabla ya kulipeleka kutiwa mpini. Aliona ni kumdharau fundi kumpa kazi na uchafu wako juu yake, kama mtu kwenda hospitali bila kuoga. Na si sisi tu. Pita asubuhi pale mjini wanapooshea pikipiki, uwaulize wanakwenda wapi. Nusu yao wanakwenda kwa fundi.

Basi Alhamisi nikavuta mpira wa maji uani niliandae gari. Nilikuwa hata nimeshavua viatu. Kabla sijafungua bomba nikakumbuka kwamba fundi ataniuliza gesi ya mwisho ilikaa siku ngapi, nikaingia ndani kuchukua daftari langu. Mimi niliishia darasa la saba, na siandiki mambo makubwa. Naandika mvua, safari na gari. Nikatafuta neno "fundi." Nikalikuta mara tatu, na mara zote tatu mstari wa juu yake umeandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Nimeosha gari, juu na chini."

Gesi ya AC inatembea na mafuta, hilo nalijua, fundi alishanieleza. Inapotoka, mafuta yanatoka nayo. Na barabara ya Zombo, ninayopita kwenda Mikumi, inavyotimua vumbi, mafuta yakigusa chuma popote, vumbi litaganda hapo hapo. Sasa mimi nilikuwa nafanya nini kila mara? Nilikuwa nalisuuza. Fundi aliposema gari halimwambii kitu, hakuwa ananikejeli. Mimi ndiye niliyekuwa nimelifunga mdomo.

Huenda nakosea, nikajiambia. Mara nyingi nakosea. Lakini nikaukunja mpira.

Ijumaa asubuhi mke wangu alisimama mlangoni akilitazama gari. Matope yalikuwa yamekauka mpaka kwenye madirisha.

"Unakwenda nalo hivyo kwa watu?"

"Hivi hivi."

"Ukiulizwa, usiseme umeoa."

Kwa fundi walikuwepo wale wale waliocheka. Mmoja akaniuliza, "Leo umetoka kulilimia?" Nikamwambia fundi habari ya daftari, tena nikamwambia kama ni upuuzi aniambie tu. Akachukua gunia, akalitandika chini ya gari upande wa nyuma. Nikaingia naye.

Bomba la AC ya nyuma linapita chini ya sakafu. Lote lilikuwa jekundu kwa vumbi kavu. Karibu na tairi la nyuma, pale bomba linaposhikwa na kibano, palikuwa na doa jeusi upana wa kiganja, limelowa kama ugoro mdomoni. Fundi akaligusa, akasugua vidole, akanionyesha. Mafuta. Akajaza hewa ya mtungi ili bomba liwe na nguvu, akapaka povu. Tukasubiri tumelala chali. Povu likavimba jicho moja dogo, likapasuka, likavimba tena.

"Huyu hapa," alisema fundi.

Kibano kilikuwa kimelegea, na kwa mtikisiko wa miaka yote kikalisaga bomba mpaka likatoboka. Alikata kipande kilicholika, akaunga kingine, akakaza kibano kipya na kukivika mpira. Kisha akavuta hewa yote kwa pampu, akafunga, tukakodolea macho mshale wa geji. Nilihesabu mabasi matatu yaliyopita. Mshale haukusogea.

Tulipomaliza kujaza gesi nilisimama mbele ya wale waliocheka, maana nilimtukana mbele yao. Nikasema gesi ya huyu bwana haikuwa upepo, na uchafu aliouhitaji nilikuwa naumwaga mimi. Fundi akafuta mikono.

"Na mimi nilitakiwa nilale chini siku ya kwanza," alisema. "Nilitazama mbele tu." Naandika hili kwa sababu alilisema bila kulazimishwa, na wengi wasingelisema.

Jumamosi niliwafuata alfajiri. Gari nilikuwa nimeliosha usiku wa jana yake, sasa lilikuwa halina la kuficha. Mama alikaa kiti cha nyuma kabisa, chini ya tundu la AC, kama hakimu. Saa sita mchana tulikuwa katikati ya hifadhi, vioo vimefungwa, mbung'o wakijigonga nje kama mtu anayerusha punje za mchele. Tembo walikuwa wakivuka barabara mbele yetu, na nyuma yangu hakuna aliyetaja kurudi.

Kwenye kioo nikamwona mama anafungua mkoba, anatoa kitenge, anajifunika mabega. Baadaye kidogo akajifunika na kichwa.

"Dereva," akaita. "Punguza hiyo baridi. Unataka tugande?"

"Ndiyo, mama."

Nilipunguza. Lakini, niseme kweli, sikuharakisha.