Kabichi Chachu ya Bwana Otmar

Siku ya nne baada ya kumzika Bwana Otmar, Jumwa Baya aliketi mlangoni pake, Mtopanga, akanywa funda moja la uji wa wimbi, akalitema. Uji ulikuwa na ladha ya kabichi iliyochacha. Akaramba sukari kavu kiganjani: kabichi. Akanywa maji ya mtungi, nayo yakawa na ukali ule ule, hafifu, kama maji yaliyosuuzia chombo cha jana.

Alidhani ni homa. Zahanati ikamwambia hana homa, wala kidonda mdomoni, wala sukari mwilini. Mganga wa meno akamgonga meno yote, akasema ni mazima kuliko ya wanawe. Miezi minne ikapita na ladha haikuondoka.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa usumbufu tu. Jumwa alikuwa mpishi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mzaliwa wa Kaloleni, na hakuwahi kula mkate wa kazi nyingine. Alianza na viazi karai nje ya geti la hoteli moja Shanzu. Hapo ndipo Bwana Otmar, Mjerumani mstaafu aliyeishi peke yake barabara ya nyuma, alipokula sahani tatu amesimama, kisha akamwuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama anaweza kujifunza chakula cha kwao. Alijifunza. Akampikia miaka kumi na tisa.

Alipofariki, hakuna ndugu aliyekuja. Ubalozi uliandika barua, wakili akatafuta, siku zikaenda, na mwishowe akazikwa na watu sita. Padri alipomaliza sala aliuliza nani wa familia atangulie kutia udongo. Watu wakatazamana. Kimya kile kilimwumiza Jumwa kuliko kifo chenyewe. Akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa.

Hakulifikiria tena jambo hilo.

Baada ya arubaini alipata kazi katika jiko la wafanyakazi wa hoteli, na hapo akaishi kwa ujanja. Hakuonja, alipima. Chumvi vijiko vinane kwa sufuria kubwa ya maharagwe, ndimu tano kwa mchuzi wa samaki. Mkono wake ulikumbuka kile ulimi ulichosahau. Hadi Jumatano moja mtu alipomsemesha katikati ya kuhesabu, akaanza upya kuhesabu juu ya chumvi iliyokwisha kuingia, na watu mia mbili wakaletewa maharagwe yasiyolika.

Mwanarehema, mkuu wa jiko, hakupiga kelele. Alimwita pembeni, akamkabidhi vijiko viwili vya mchuzi.

"Dada Jumwa, kimoja nimetia siki, kimoja chumvi. Kipi ni kipi?"

Jumwa akaonja vyote. Akamrudishia vijiko.

"Wallahi nilijua," Mwanarehema akasema taratibu. "Wiki ya tatu hii nakuona hulambi upawa. Mpishi asiyelamba upawa ni sawa na imamu asiyetia udhu. Nenda kapumzike. Jumatatu nitakupa vijiko hivi tena. Ukivijua, jiko ni lako. Usipovijua, mwenzangu, nitakuweka wapi? Ufagio unao watu wake."

Jioni ile alimweleza kaka yake Mwarandu, fundi wa tuktuk, aliyekuwa chini ya chombo cha mtu, miguu tu ikionekana. Jumwa alikuwa ameokoka, na alikuwa na haya kuuliza alichouliza.

"Kaka, maiti anaweza kumfuata asiyekuwa wa kwao?"

"Asiyekuwa wa kwao hapana," sauti ikajibu kutoka chini. "Kwani huyo mzungu wako alikuwa na wa kwao?"

"Hakuna aliyekuja."

"Na udongo wa kwanza alitia nani?"

Jumwa akautazama mkono wake wa kulia. Miguu ikaacha kucheza. Mwarandu akajitoa chini ya tuktuk, mikono myeusi kwa grisi, akamtazama dadake kama anavyotazama injini iliyotiwa mafuta siyo.

"Mtoto wa Baya! Wewe si ulikuwepo babu alipozikwa? Hukuona kwetu mgeni hushika mikono nyuma mpaka damu ya marehemu itangulie? Umejitia ukoo mwenyewe, mbele ya padri, na mashahidi juu. Huyo ni koma yako sasa, mzimu wa ukoo wako. Ana njaa. Mwenye njaa hubisha mlango anaoujua, na anaoujua yeye ni mdomo wako."

"Mimi siamini hayo, Mwarandu."

"Usiamini. Kwani uji unakungoja uamini?" Akajifuta mikono. "Mpikie chake, kwake. Jitaje, mtaje, useme mmekuwa nani kwa nani. Usidanganye hapo. Kisha umpe kisogo. Mtu hatazamwi akila."

Ijumaa asubuhi Jumwa alinunua soseji nne na mafuta kwenye bucha la nguruwe Mtwapa, na vikorombwezo vingine dukani, na kabla ya adhuhuri akawa na mtungi wa gesi kwenye geti la nyumba ya marehemu, Shanzu. Changawa, mlinzi wa tangu enzi za mzee, alibakizwa na wakili kuilinda hadi mambo ya mirathi yaishe. Alimsalimu bila kumtazama usoni, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mayo, leo umepitia mbele?"

"Nipitie wapi kwingine?"

"Mimi nilidhani una ufunguo wa nyuma." Changawa akashusha sauti. "Kila Ijumaa saa saba nasikia lile sufuria lako la presha likipuliza. Sss, sss, kama zamani. Nikasema, Mayo amekuja kujipikia, si neno, na mimi nikasubiri sahani yangu. Haikuja. Nikakuita mchoyo, unisamehe."

Jumwa akasimama na ufunguo wake wa zamani mkononi. Gesi ya nyumba ile aliifunga mwenyewe siku ya msiba, na mtungi akaugawa.

"Nisaidie kubeba huu mtungi wa gesi," alisema. "Mpaka mlangoni tu, kama waogopa."

"Mpaka mlangoni tu," Changawa akakubali upesi.

Ndani palikuwa na joto lililokaa. Kiti cha ukindu cha Bwana Otmar kilielekea meza, na sufuria ya presha ilikuwa juu ya jiko. Jumwa alikuwa na hakika aliiacha kabatini. Akaenda stoo.

Mtungi wa udongo aliokuwa akichachushia kabichi ulikuwa pale pale sakafuni. Aliujaza wiki ile ile mzee alipoanguka: kabichi iliyokatwa nyembamba, chumvi, jiwe juu la kuizamisha kwenye maji yake. Kwa joto la pwani maji yale huongezwa kila baada ya siku chache, la sivyo hukauka na ukungu hukamata. Miezi minne hakuna aliyeyaongeza. Alifunua kitambaa akiwa ameziba pua.

Maji yalikuwa pomoni. Kabichi ilikuwa nyeupe, safi. Jiwe lilikuwa limelowa hadi juu, kama jiwe lililoinuliwa na kurudishwa sasa hivi.

Akaiachia pua. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, harufu ya puani na ladha ya mdomoni zilikuwa kitu kimoja. Alifikiria kukimbia, akafikiria Jumatatu, na Mwanarehema na vijiko vyake viwili. Akachota kabichi, akaikamua maji kwa mikono miwili, akarudi jikoni.

Alipika kama alivyofundishwa. Kitunguu kwenye mafuta ya nguruwe, kilainike bila kuwa chekundu. Kabichi. Mbegu kidogo za kisibiti, kiazi kimoja cha kukwaruzwa kishike maji. Nusu chupa ya bia. Soseji juu, bila kuzitoboa. Akafunga kifuniko, akakaza mpini. Pini ndogo ya kifuniko ilipopanda kuonyesha mvuke umejaa, alipunguza moto, akahesabu dakika nane, akazima. Bwana Otmar alikataza kuitoa presha kwa nguvu. Pini hushuka yenyewe baada ya dakika kumi, kumi na tano ikichelewa. Kabla haijashuka, sufuria haifunguki.

Dakika kumi na tano zikapita. Pini ilikuwa juu.

Ikafika nusu saa. Jumwa akagusa kifuniko kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja kizima. Kilikuwa baridi. Sufuria yote ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na pini ilikuwa juu, na chini ya pini mvuke ulikuwa ukipuliza, mwembamba, bila kukoma.

"Mayo!" Changawa akaita kutoka mlangoni. "Moto umezima?"

"Nimezima."

"Mbona naisikia?"

"Changawa, nyamaza."

Akasimama mbele ya kiti cha ukindu. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Mimi ni Jumwa wa Baya. Wewe ni Otmar. Mimi nilikuwa mpishi wako."

Mvuke ukaendelea.

"Nilikuwa mtu wako wa kazi. Ulinitendea wema, nami nikakutendea."

Mvuke ukaendelea. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na alijua hayakuwa yaliyoulizwa. Neno lililobaki alilijua. Alijua pia uzito wake: jamaa halishwi mara moja. Atamlisha mwaka huu na mwaka ujao, yeye na wanawe baada yake, na siku ya hukumu atamweleza Mungu wake vizuri awezavyo. Aliukumbuka ukimya wa makaburini, watu wazima sita wakitazama viatu vyao. Je, mkono wake ulidanganya siku ile, au ndio uliosema kweli kabla ya kinywa?

"Wewe ni ndugu yangu," Jumwa akasema. "Huna mwingine. Karibu ule."

Pini ikaanguka. Ilitoa mlio mdogo, tak.

Alifungua. Hakukutoka mvuke wala harufu. Akapakua sahani, soseji mbili, kabichi pembeni, haradali ukingoni, akaiweka mezani, akageuka akaukabili ukuta. Ukindu wa kiti ukalia taratibu, kama ulivyokuwa ukilia mtu mnene anapojishusha. Kisha kimya kirefu. Alihesabu vigae vya ukuta mara tatu. Ukindu ukalia tena.

Alipogeuka, sahani ilikuwa kama alivyoipakua, haikupungua hata uzi wa kabichi. Akaipeleka mlangoni. Changawa alikuwa na njaa ya miezi minne na hofu ya nusu saa, njaa ikashinda. Akauma soseji, akatafuna, akasimamisha taya.

"Mayo, usikasirike. Umepika karatasi?"

"Haina kitu?"

"Haina chumvi, haina uchachu, haina nyama. Natafuna tu." Akamrudishia sahani kwa mikono miwili, kwa adabu. "Huyu aliyekula amekula vizuri."

Jumwa hakuthubutu kujaribu ulimi wake. Aliosha sufuria, akaikausha, akairudisha kabatini. Kisha akaenda stoo, akauinamisha mtungi. Ulikuwa mtupu na mkavu, na ndani ya udongo mlikuwa na ukungu wa zamani, mweusi, uliokwisha kufa.

Akausugua hadi kucha zikamwuma. Akamtuma Changawa kibandani akalete kabichi mbili na pakiti ya chumvi.

"Za nini tena?" Changawa akauliza.

"Huchukua wiki sita. Atakuwa ameshaona njaa."

Changawa akaenda.

Alikata kabichi nyembamba, tabaka kwa tabaka, kila tabaka chumvi yake, akaiponda kwa ngumi hadi ikatoa maji. Maji yalipofika juu ya majani alichovya kidole na, kwa mazoea ya mpishi, akakilamba kabla hajakumbuka kuogopa.

Ilikuwa chumvi. Chumvi tupu, ya bahari, na ilikuwa imepungua.

Akaongeza.