Banjo Si Ngoma ya Kupasha Moto

Mdogo wangu alilipasha moto banjo langu. Naliweka hili mbele kabisa, maana nikianza mbali nitapotea. Mimi huanza na msiba wa jirani nikaishia kwenye senene. Naandika nikiwa na hasira, na aliyesoma anisamehe, shule niliiacha kabla sijajua kugawanya.

Banjo hilo nilipewa na fundi cherehani wa Bukoba mjini, Mwislamu, ambaye baba yake alikuja nalo kutoka pwani. Alikuwa akipiga harusini, mimi namfuata nyuma, hadi akachoka kunifukuza akanifundisha. Vidole vyake vilipoingia ganzi akaniambia, "Chukua wewe. Wanangu watalipeleka kwa wauza vyuma."

Ni la nyuzi nne, la Amerika, la zamani kweli. Mgongo wake ni mti mgumu wenye mawimbi kama ziwa asubuhi, umekunjwa bila ufa. Shingo imebandikwa ubao mweusi, na ndani ya ubao huo wamechimba vishimo wakaketisha maua ya gamba la chaza. Pitisha ukucha, huoni mti umeishia wapi na ua limeanzia wapi. Ndani ya duara kuna pete nzito ya shaba, hiyo ndiyo inayolipa sauti ya kengele. Ngozi ni ya ndama, na kuizunguka kuna kulabu nyingi, kila moja na nati yake. Ngozi ikilegea kwa unyevu, na Bukoba mvua haina likizo, unazikaza kwa ufunguo mdogo, huku kidogo na huku kidogo, kama unavyofunga mkungu wa ndizi kwenye baiskeli usilalie upande mmoja.

Ngoma zetu hazina kulabu. Ikilegea unawasha majani makavu ya migomba, unaipasha, basi. Na mdogo wangu ni mpiga ngoma. Kijijini kwake Kagoma watu hawakosi kumwona harusini, hata asipoalikwa.

Siku hiyo tulikuwa tunamuaga mjukuu wangu, anaolewa. Tangu akiwa mtoto aliniambia, "Babu, wewe ndiye utakayenitoa nyumbani na banjo." Nikatoka kwangu Kitendaguro nalo, nimelivika blanketi, mvua inanyesha toka alfajiri. Nikaliweka nyumbani kwa mdogo wangu, ndiko kulikokuwa na sherehe, nikaenda kusalimia wakwe. Salamu zetu unazijua: kila mzee anakupa buni za kutafuna na lazima akuulize mpaka habari ya mbuzi. Niliporudi nikamkuta jikoni amechuchumaa. Ngoma upande huu wa moto, banjo upande ule, uso kwenye ndimi za moto.

"Unafanya nini?"

"Nakusaidia, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima. "Lilikuwa linalia kama debe."

"Ufunguo uko mfukoni mwangu. Ungeniuliza."

"Ngozi ni ngozi, kaka."

Ngozi ni ngozi. Mpaka leo neno hilo likinijia nachukia chakula. Mafundi wale walitumia gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa, makusudi, ili siku ya matengenezo fundi mwingine aifungue kwa joto. Sasa gundi ikalipata joto. Ubao mweusi ulikuwa umeinuka shingoni kama ganda la kidonda, maua yanadondokea majivuni. Nikapiga magoti na suti yangu, naokota.

"Pole," akasema. Angeishia hapo. "Lakini sikiliza, ngozi imekaza vizuri." Akaigonga kwa kidole.

Nilinyakua mwiko nimpige nao. Mke wake akauchukua mkononi mwangu taratibu. "Shemeji, wageni wako nje."

Mjukuu alitolewa nyumbani kwa muziki wa spika, zile zinazotetemesha mpaka sufuria, wimbo hata sikuujua. Alipita akinitazama mikono. Mikono mitupu. Jioni akanipigia simu kutoka kwa mume wake, akasema, "Babu, nikirudi kusalimia nyumbani utanipigia." Hakuuliza kama nitaweza.

Kwa hiyo nilichemsha gundi. Gundi hiyo haingoji: ikipoa kabla hujabana, umepoteza. Mmoja abane ubao, mwingine azungushe mpira wa baiskeli kwa nguvu. Wanangu wako kisiwani Goziba na nyavu zao, jirani ana mkono mmoja mbovu. Nikamwita mdogo wangu, roho inaniuma. Akaja na bodaboda.

"Utashika, hutasema."

"Sawa."

"Umeshasema."

Akabana, mimi nazungusha, paji langu karibu na paji lake, nasikia harufu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baada ya muda akanong'ona, "Kupumua naruhusiwa?" Sikucheka. Nilijikaza nisicheke, na hilo nalo likaniongezea hasira.

Ubao ulishika. Ua moja halikuonekana, kishimo chake kimebaki cheusi, kila nikilishika banjo kidole kinakwenda hapo.

Mjukuu alipokuja kusalimia nilipiga. Sauti ile ya kengele bado ipo. Mdogo wangu alikaa mlangoni na ngoma yake magotini, ananitazama apate ruhusa. Sikumpa. Akaanza hata hivyo, kwa viganja, polepole, mjukuu akainuka kucheza, mama yake akafuata. Matusi yote niliyomwekea yalikuwa mdomoni tayari, lakini ningeyatoa vipi bila kuusimamisha wimbo? Nikaendelea kupiga, nimemkazia macho.