Nyuki Wasiouma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka tangu juzi nilipouona ukuta wako kule Buswelu, na hasira hainitoki.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza naota ndevu, kwetu Ukerewe. Baba alinituma msituni nikarine asali peke yangu. Nyuki wakubwa, wale wakali, walikuwa kwenye mzinga juu ya mti. Niliwaendea kwa adabu zote: moshi, mwendo wa pole, hata pumzi niliibana. Nikakata masega machache, mengine nikawaachia. Nyuki wadogo, wasio na mwiba, wadogo kuliko nzi, walikaa ndani ya shina lenye uwazi. Hao niliwapasua kwa shoka. Nikakomba asali, nta na watoto wao, nikarudi nikipiga mluzi. Mjinga mimi!

Baba alitazama ndoo zote mbili.

"Mbona wakubwa umewaachia, wadogo hukuwaachia kitu?"

"Hawaumi, baba."

"Kumbe adabu yako ni woga tu!"

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Masika yalipofika, mdogo wangu Veronika alibanwa na kifua, na dawa yetu ya kikohozi ilikuwa asali ya nyuki wadogo. Nilikimbilia kwenye lile shina. Nilikuta siafu tu. Alikohoa mpaka tukakata tamaa. Kupona kwake ni Mungu. Veronika huyo ndiye shangazi yako.

Sasa niambie. Mstaafu wa jeshi unayepakana naye kulia umempisha hatua mbili nzima, kwa sababu ana mdomo na ana wakili. Kushoto yupo shangazi yako, mjane asiyejua kugomba. Huyo ukuta umemwingilia mpaka kwenye migomba yake. Nilipomuuliza alisema, "Mwache kaka, ni mtoto." Mtoto gani mwenye ndevu? Nimeona aibu!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Heshima unayompa anayeuma si heshima, mwanangu, unajikinga tu. Utu wako tutauona kwa asiyeuma. Jumamosi narudi kwa kivuko cha kutoka Nansio. Nikute ukuta umebomolewa, na shangazi yako umeshamwamkia na kumwomba radhi.

Mungu akupe nguvu ya kuibeba hiyo nyundo. Na siku utakapozeeka, ukawa huna mwiba, akujalie watoto watakaokuachia asali yako.